Barua za wafugaji: Kambwa kanakojoa kila kona, nifanyeje?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Goba, Dar. Mume wangu kaleta kambwa kadogo kana wiki nane, mama yake German Shepherd baba yake mbwa wa mtaani tu, watoto wamefurahi wakakaita Simba, sasa hiyo furaha ilikuwa ya siku mbili. Dokta kanajisaidia kila mahali!! Koridoni, kwenye zulia la sebuleni, na juzi kamekojoa kwenye kibaraza cha jirani yetu bi mkubwa ambaye anaswali pale pale, nimeona aibu hadi nikashindwa kumwangalia usoni. Chakula kanakula muda wote, watoto wakila kanapewa, dada wa kazi akipika kanapewa, usiku mume wangu akirudi na chipsi kuku kanapewa mifupa. Mume wangu anasema dawa yake ni kukasugua pua kwenye uchafu wake halafu unakatia kofi, kashafanya hivyo kama mara nne, sasa hivi kakimuona tu kanajikojolea hapo hapo. Dada wa kazi kasema mwisho wa mwezi anaondoka. Nisaidie dokta, sitaki kukatupa, watoto watalia sana. – Mama Simba, Goba

JIBU: Mama Simba pole, na ahsante kwa kusema hutaki kumtupa, maana nimeshaokota wengi sana waliotupwa kwenye viroba kwa kosa hili hili na lilikuwa sio kosa lao.

Naanza na baba Simba, naomba umsomee hii sehemu kwa upole. Kusugua pua kwenye kinyesi acheni leo. Mtoto wa mbwa hawezi kuunganisha kofi la sa hivi na haja aliyoenda dakika kumi zilizopita, anachojifunza ni kwamba huyu mtu mkubwa akitokea naumia, ndo maana akimuona tu anajikojolea, ule sio ukaidi, ule ni woga na hawezi kuuzuia. Nayajua haya tangu mdogo. Nyumbani kwetu Morogoro tulikuwa na mbwa anaitwa Popi, marehemu baba alimfanyia hivyo hivyo kwa nia njema kabisa kwa sababu na yeye ndivyo alivyofundishwa, na Popi akajifunza kweli, akajifunza kujificha. Akawa anaenda kujisaidia nyuma ya gunia la mkaa, chini ya kitanda cha bibi, nyuma ya kabati, na mara nyingine nilimkuta anakila kinyesi chake haraka haraka huku anaangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja. Nilikuwa na miaka tisa na ile picha haijanitoka. Mbwa aliyepigwa kwa kujisaidia haachi kujisaidia, anaacha kujisaidia mbele yako, na hapo umeshapoteza nafasi ya kumfundisha maana hutamuona tena anapoenda.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Mama Simba umeniandikia kuhusu choo lakini shida yako iko kwenye sahani. Tumbo la mtoto wa mbwa likipokea chakula, utumbo mkubwa unaamka kusukuma nje kilichokuwemo, kwa hiyo kati ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula lazima aende. Sasa huyu wako anakula na watoto, anakula na dada, anakula na baba saa nne usiku, unategemea ataenda choo saa ngapi? Saa zote! Chakula kikiingia kwa saa, na choo kitatoka kwa saa.

Kwa wiki nane apewe chakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, mpaka afikishe miezi mitatu, halafu mara tatu hadi miezi sita, baada ya hapo mara mbili zinamtosha. Kwa nyumba yenu mimi ningepanga hivi: saa 12 na nusu asubuhi kabla watoto hawajaenda shule, saa 5, saa 9 na nusu alasiri, na cha mwisho saa 1 usiku, kisipite hapo. Sahani ikae chini dakika 15 hadi 20, akimaliza au asipomaliza unaondoa, hakuna kuiacha pale inaliwa na nzi. Maji ya kunywa ni tofauti, hayo yawepo mchana kutwa na yabadilishwe, joto la Dar sio la kumnyima mnyama maji eti asikojoe, nimeona watu wanafanya hivyo na ni ukatili hata kama hawajui. Usiku baada ya saa 3 unaweza ukaondoa bakuli, asubuhi anapata.

Na muhimu kuliko yote, mtu mmoja ndio ashike sahani. Andikeni zile saa nne kwenye karatasi mbandike kwenye friji, aliyempa anaweka tiki, wengine wote mikono mbali. Watoto watakaonea huruma kambwa kakiwalilia mezani, waambie kakipewa tonge hapa katajisaidia sebuleni, wataelewa, watoto wanaelewa haraka kuliko sisi.

Chakula chenyewe sasa. Ukiweza zile punje kavu za dukani za watoto wa mbwa ni rahisi, loweka kwa maji ya uvuguvugu zilainike, ufuate kipimo cha kwenye mfuko kulingana na uzito wake. Kama mfuko huuwezi usijisikie vibaya, pika. Dagaa wa Mwanza, waoshe mara tatu nne mpaka mchanga uishe, uwachemshe bila chumvi bila kitunguu, changanya na wali au ugali laini na karoti au boga kidogo, ila huo ugali usizidi nusu ya bakuli. Dagaa nawapenda kwa sababu analiwa mzima na mifupa yake laini, mtoto wa mbwa anapata kalshiamu, na Simba ana damu ya German Shepherd atakuwa mkubwa, mifupa yake inajengwa sa hivi. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu au ugali mtupu utamuona miezi minne miguu ya mbele imepinda kama upinde na mwenyewe anajivuta, inauma kumuangalia, na tunaletewa ikiwa imeshachelewa. Yai la kuchemsha mara mbili tatu kwa wiki, vizuri. Maini kipande kidogo mara moja moja, sio kila siku.

Ile mifupa ya kuku ya chipsi kuku HAPANA. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha kama sindano na unaweza kutoboa utumbo. Vitunguu hapana, hata vya kwenye mchuzi, vinaharibu damu yake. Chokoleti hapana, zabibu hapana. Na unga wa mahindi au pumba iliyoota ukungu usiseme "ah hii atakula mbwa", ile sumu kuvu inaua ini la mbwa kama inavyoua la binadamu.

Haya, choo. Kwanza chagua sehemu MOJA uani, yenye mchanga au majani, mbali na kibaraza cha bi mkubwa na mbali na kamba ya nguo. Chukua gazeti lililoloa mkojo wake ulipofuta sebuleni, lizike kidogo pale juu juu ili harufu yake iwepo, mbwa anasoma kwa pua. Halafu umpeleke pale kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na katikati ya hapo kila baada ya saa moja au saa moja na nusu akiwa macho. Ndiyo ni mara nyingi, najua, ni kazi ya wiki tatu nne za mwanzo. Mtoto wa miezi miwili kibofu chake kidogo mno, mchana hata akijitahidi vipi masaa matatu hayafiki salama.

Usimfungulie mlango ukarudi ndani. Nenda naye. Simama pale kimya, usicheze naye, usimuite ite, mwache anuse. Utamuona ananusa chini kwa haraka, anazunguka, anazunguka tena, mgongo unajikunja, hapo sema neno lenu moja, mimi nasemaga "haya kojoa", lile lile kila siku kwa sauti ile ile. Akimaliza, sio akiwa katikati, AKIMALIZA, mpe sifa na kipande kidogo cha dagaa hapo hapo aliposimama, kwa hiyo tembea na dagaa mfukoni. Ukisubiri hadi mrudi ndani ndio umpe, atajua amepewa kwa kuingia ndani, na utashangaa anakimbia nje na kurudi bila kufanya kitu.

Ndani ya nyumba muangalie kama unavyoangalia mtoto anayeanza kutambaa. Akiacha mchezo ghafla akaanza kunusa kona au akaenda mlangoni, mbebe mtoke. Ukimkuta katikati ya tendo piga makofi mara moja ashtuke kidogo, mbebe, mpeleke pale pake amalizie, akimalizia msifie. Ukikuta ameshamaliza, futa tu, umechelewa wewe, yeye hana hatia.

Kufuta nako kuna namna. Maji na sabuni peke yake harufu inabaki, wewe huisikii yeye anaisikia na anaona hapo ndio chooni. Futa mkojo kwanza kwa kitambaa, osha kwa sabuni, halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke. Usitumie dawa za kusafishia zenye amonia, zinanukia kama mkojo. Na siki usiichanganye na Jik hata siku moja, inatoa hewa mbaya kwa mapafu yenu. Lile zulia mama likunje uliweke juu kwa miezi miwili tu, utaniombea dua.

Usiku. Akishakula saa 1, atoke dakika chache baadaye, atoke tena saa 4 kabla hamjalala, halafu weka alamu saa 8 usiku. Mumeo akubaliane na hii, kama yeye ndio kaleta mbwa basi saa 8 ni ya kwake, itawapatanisha pia. Mtoke na tochi, mnasimama pale kwenye baridi kidogo, mtoto wa mbwa anasinzia huku anakojoa, anamaliza anamuegemea mguuni. Akianza kuifikia asubuhi kavu wiki nzima, sogeza saa 9, saa 10, mwishowe mnalala. Alale kwenye kiboksi au kibanda cha kumtosha kulala na kujigeuza tu, mbwa hapendi kuchafua anapolala, kikiwa kikubwa sana atakojoa kona moja na kulala kona nyingine.

Baada ya wiki mbili tatu utaona mabadiliko, ila kumuamini kabisa subiri miezi minne hadi sita, na katikati hapo ataharibu siku moja moja, usikate tamaa.

Kuhusu bi mkubwa, nenda wewe mwenyewe na ndoo yako ya maji, usimtume dada. Msalimie, muombe radhi, mwambie pale ni mahali pake pa ibada na umeelewa, osha kibaraza kile mpaka kiridhishe roho yake sio yako, na weka kizuizi cha mbao au wavu Simba asipite upande ule. Ujirani ukiharibika kwa sababu ya mbwa, mwisho wa siku anayeondolewa ni mbwa.

Kinyesi okoteni kila siku mzike au mtupe vizuri. Watoto wa mbwa karibu wote wanapata minyoo kutoka kwa mama yao, mayai ya ile minyoo yanakaa kwenye mchanga na watoto wenu wanachezea mchanga huo huo. Kwa hiyo dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, na chanjo za mwanzo anza wiki hii kama hajapata. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, hiyo haina mjadala.

Na dada wa kazi muongezeni kitu, mzigo wote ulimuangukia yeye.

SWALI: Habari daktari, mimi ni kijana niko Kasarani Nairobi, naishi peke yangu bedsita floor ya nne. Nilinunua mbwa mdogo ana miezi mitatu sasa, wa kike, mrembo sana. Kazi natoka saa moja asubuhi narudi saa moja usiku, namwachia bakuli kubwa imejaa chakula na maji ndio asisikie njaa. Nikirudi nyumba yote ni mkojo na pupu, hadi kwa kitanda. Keateka wa ploti ameanza kulalamika harufu. Nimejaribu kumfungia bafu analia majirani wakakasirika. Naweza mfunza aje ashikilie mpaka nirudi? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu yangu nitakuwa mkweli kwako kwa sababu naona unampenda. Huwezi kumfunza ashikilie masaa kumi na mawili. Hesabu ya kukadiria ni umri wake kwa miezi ongeza moja, hayo ndio masaa anayoweza mchana, kwa hiyo wako ni masaa manne akijikaza sana. Hata akiwa mtu mzima, masaa kumi na mawili kila siku ni mateso.

Kwa hiyo unahitaji mtu wa katikati ya siku. Tafuta mama wa nyumba ya chini, au kijana wa chuo hapo hapo kwa ploti, mkubaliane pesa kidogo kila wiki, saa 6 mchana aingie ampe chakula cha pili, abadilishe magazeti, akae naye nusu saa. Hapo unakuwa na milo mitatu: saa 12 asubuhi kabla hujatoka, saa 6, na saa 1 ukirudi. Ile bakuli kubwa ya kujaza ondoa, anakula kidogo kidogo siku nzima na kwenda choo kidogo kidogo siku nzima, na chakula kilicholoweshwa kinachacha.

Bafu usimfungie akiwa peke yake gizani na mlango umefungwa, kwake hiyo ni jela. Mzungushie kona moja ya nyumba kwa vibao au wavu, upande mmoja kitanda chake na bakuli la maji, upande wa pili magazeti, tabaka nne tano. Mwanzo yajaze sakafu yote ile, utaona mwenyewe anaanza kupendelea upande ulio mbali na kitanda, punguza magazeti pole pole yabaki hapo tu. Mzoeze kona hiyo ukiwepo nyumbani, dakika tano, kumi, nusu saa, umpe kitu cha kutafuna, asiione kona kama mahali pa kuachwa. Amka saa 11 na nusu uwe na muda naye, asikuone tu unavaa viatu.

Kumshusha chini subiri. Kama chanjo zake hazijakamilika, na hukamilika akiwa na wiki kama 16, usimweke kwenye udongo ambao mbwa wa kila mtu wanapita. Mbebe mkononi aone watu na magari, hiyo ni nzuri kwake, ila miguu isiguse. Zikishakamilika, chukua gazeti lenye harufu yake ulipeleke pale chini unapotaka awe anaenda, umpeleke hapo kila asubuhi na jioni.

Na kama huyo mtu wa saa 6 hakupatikana kabisa, mpeleke kwa mtu wenu wa karibu mwenye uwanja na mtu nyumbani mchana, akae huko mpaka ukubwani, uwe unamtembelea wikendi. Itakuuma, najua.

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi. Mwezi jana nilipata mtoto wa mbwa wa wiki saba, nilikuwa nampa maziwa ya ng'ombe na uji, akaanza kuharisha nikajua ni maziwa, nikaacha maziwa, siku ya pili akawa anatapika na kuharisha damu yenye harufu mbaya sana, siku ya tatu alfajiri nikamkuta ameshafariki. Alikuwa hajachanjwa. Mwanangu hajaacha kuulizia. Nataka kumchukulia mwingine wiki ijayo, naomba ratiba ya chakula na choo ili nisikosee tena. – Baba wa mtoto mmoja, Moshi

JIBU: Marahaba kaka, na pole sana wewe na mtoto. Ni kweli maziwa ya ng'ombe yanaharisha watoto wa mbwa wengi, hawayawezi yakiwa mengi, na hata kubadilisha chakula ghafla kunaharisha ndo maana tunachanganya cha zamani na kipya kidogo kidogo kwa siku saba. Lakini kuharisha kwa maziwa mtoto anabaki anacheza. Kutapika, damu, ile harufu, na kufa ndani ya siku tatu, hivyo inafanana sana na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Msomaji mwingine yeyote anayeona hivyo usingoje kesho, sio wa kupewa uji wala flajili ya nyumbani, akimbizwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile awekewe dripu, kuna wanaopona.

Ratiba ni ile niliyompa Mama Simba, ila nakuomba usimlete wiki ijayo. Virusi vya parvo vinatoka kwa kinyesi na vinakaa kwenye udongo miezi mingi, penye kivuli na unyevu hata mwaka, na migomba yenu ya Moshi ndio kivuli chenyewe. Ukimleta mtoto mwingine wa wiki saba ukampeleka kujisaidia pale pale alipokuwa anajisaidia marehemu, unamrudisha kwenye ugonjwa ule ule. Ukitaka mbwa mapema chukua mkubwa aliyekamilisha chanjo zote. Ukitaka mtoto, ngoja, umchukue akishapata chanjo za parvo zote za utotoni, na sehemu yake ya choo iwe upande mwingine kabisa wa kiwanja, penye jua.

Sakafu ya saruji na kibaraza osha kwa sabuni kwanza uchafu wote utoke, halafu kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 20 vya maji, mwaga, iache dakika 10 au zaidi ndipo usuuze. Udongo huwezi kuusafisha kwa dawa, uache jua lifanye kazi, kata matawi yanayofunika. Bakuli la plastiki, kamba, na ile nguo aliyokuwa analalia usimwekee mwingine, hata kama bado ni nzima. Nguo ichome, na bakuli na kamba vitupe mbali na mbwa wa watu.